Sifuri Zenye Sahihi Yangu

Kwa miaka tisa nimekuwa mwandishi wa sifuri. Barua yangu ya ajira inasema mimi ni karani wa ofisi ya wanafunzi katika chuo kimoja kidogo wilayani Mbulu, chuo ambacho sitakitaja kwa sababu bado kinanilisha. Kila baada ya miezi mitatu inakuja fomu yenye jedwali: wizi, ugomvi, kujeruhi, unyanyasaji wa kijinsia, mengineyo. Mbele ya kila neno kuna kisanduku. Nachukua daftari la matukio linalokaa getini kwa mlinzi, nahesabu, najaza, natia sahihi, mkuu wa chuo anagonga muhuri. Nakala moja inakwenda wilayani. Nyingine tunaibandika kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi, ili wazazi wanaoleta watoto waisome.

Nina mwandiko mzuri. Nasema hivyo bila haya, maana nilichapwa shule ya msingi mpaka ukanyooka. Sifuri zangu ni za duara, zimekaa katikati ya kisanduku, hazigusi mstari. Wazazi walikuwa wakisimama mbele ya ule ubao, wakishuka na kidole kisanduku hadi kisanduku, nami nikiwatazama dirishani na kujisikia kama mwanamke aliyemaliza kudeki nyumba kabla wageni hawajaingia.

Hakuna aliyenishikia kiboko niandike sifuri, hilo nalisema mapema. Zilikuwa zinakuja zenyewe. Mwaka fulani kijana mmoja alimwibia mwenzake simu. Kabla mlinzi hajapata kalamu inayoandika, baba wa yule kijana alishafika na wazee wawili, shuka juu ya koti kwa sababu ya baridi, wakaketi na upande wa pili nyuma ya jiko la chuo. Simu ikarudi na kondoo akaongezwa juu yake. Kwetu huku juu, jambo likishasuluhishwa, nyama ikaliwa na wazee wakaomba Mungu pamoja, limefungwa. Anayelitaja tena ndiye anakuwa mkosaji. Mlinzi akarudisha kalamu mfukoni, kwa sababu yeye naye ni mtu wa hapa na ana majirani. Mwisho wa robo nikafungua daftari, ukurasa mweupe. Wizi, sifuri.

Ya wasichana yalikuwapo pia. Nilikuwa nayasikia, nisijifanye kiziwi leo. Msichana wa mwaka wa kwanza anaacha kuja kula. Wiki inayofuata wazazi wake wanaonekana, wanakaa na watu fulani kwa saa mbili tatu, na baada ya siku chache msichana anaondoka, godoro limefungwa nyuma ya bodaboda. Mimi nafungua daftari jingine, la wanaoacha chuo, na kwenye safu ya sababu naandika: matatizo ya nyumbani. Funika kombe mwanaharamu apite. Nililifunika kwa mwandiko mzuri.

Mdogo wangu ameolewa Nambis. Wanalima mahindi, maharage na kitunguu swaumu kidogo, wana ng'ombe watatu. Binti yao mkubwa alipofaulu, alipata nafasi vyuo viwili: chetu, na kimoja cha kule chini Hanang, uwandani. Mdogo wangu alikuja ofisini kwangu siku ya mnada, viatu vimejaa tope, akakaa kwenye kiti cha wageni kama mtu asiyenifahamu. Alikuwa amesikia mengi kuhusu vyuo. Akayaeleza yote kwa sauti ya chini, kisha akanitazama.

"Dada, mimi sijui kusoma haya majedwali. Wewe ndiyo kazi yako. Niambie wapi mtoto atakuwa salama."

Swali hilo lilinikuta nimejiandaa, tena nimevimba kichwa. Wiki chache kabla nilikuwa nimetoka kwenye semina ambako makarani na matroni wa vyuo tulipeleka majedwali yetu. Matroni wa kile chuo cha Hanang alikuwa mama mmoja mrefu, mzaliwa wa Dirma, kwao wafugaji, bangili za shaba mkono wa kushoto. Jedwali lake lilikuwa limejaa namba kila kisanduku, mpaka nyingine ameziandika pembeni. Mwezeshaji akamuuliza kama anatoka chuoni au mahabusu. Ukumbi ukacheka. Nami nilicheka. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa na biskuti mdomoni na nikapaliwa.

Wakati wa chai alikaa karibu nami, akalitazama jedwali langu muda mrefu. Akaniuliza chuoni kwetu wasichana wako wangapi. Nikamwambia wanapita mia mbili. Akaniuliza kama katika hao wote hakuna hata mmoja aliyewahi kulia. Nilikasirika. Nikamjibu kwamba kwetu watoto wamelelewa, nikahamia meza nyingine na kikombe changu.

Basi mdogo wangu aliponiuliza, nikamshika mkono nikamtoa nje mpaka kwenye ubao. Nikamwonyesha. Nikamwambia kule Hanang karatasi yao imejaa mabaya, hapa kwetu tazama mwenyewe. Hakujua kusoma majedwali, lakini sifuri aliijua. Akapitisha kidole toka juu mpaka chini, na uso ukalegea. Alisema asante dada, akaniachia mafungu mawili ya kitunguu swaumu.

Binti alikuja na sweta la kijani alilofumiwa na bibi yake. Alikuwa mcheshi. Alisuka nywele za nusu ya bweni kwa mwaka mmoja, na kila asubuhi alipita dirishani kwangu kuniamkia, shikamoo mama mkubwa, hata kama ana haraka kiasi gani. Wenzangu ofisini walikuwa wakinitania kwamba nimepata mtoto uzeeni. Nilifurahi, nisiseme uongo. Mimi wangu ni wa kiume na wako mbali, hawapigi simu mpaka wawe na shida.

Mwaka wa pili hosteli ilijaa wapya, na wa zamani wakaambiwa watafute vyumba vya kupanga. Wanaviita mageto. Ya kwetu yako ng'ambo ya shamba la mbaazi, mwendo wa dakika kumi kutoka getini. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wetu wanaishi huko. Fomu inasema matukio yaliyotokea ndani ya eneo la chuo. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo kila robo kwa miaka mingi, na sikuwahi kufikiri maana yake ni kwamba shamba la mbaazi halimo.

Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka mapema, jua halijazama. Kijana wa boma la jirani, ambaye mama yake anauzia chuo maziwa, alimkuta binti kwenye njia ya shamba la mbaazi akirudi geto peke yake. Aliyomfanyia sitayaandika. Mwenye kuyasema ni yeye, na hajataka.

Mwenzake wa chumba alikuja kunigongea. Nilimkuta binti amechuchumaa nje ya geto, anafua lile sweta. Maji kwenye beseni yalishakuwa meupe, naye anaendelea kufikicha. Nilimwita, akasema shikamoo bila kuinua kichwa. Nilikaa chini kwenye tope karibu naye.

Mdogo wangu na shemeji walifika asubuhi. Nikataja polisi. Shemeji akasema kwa upole kwamba binti bado hajaolewa, na kesi huchukua miaka, na kila siku ya kesi ni siku ya kutembezwa mbele ya watu. Mdogo wangu alikuwa analia tu. Tukapanda basi la Haydom, tumebanana na wagonjwa wenye mito na chupa za chai. Hospitalini muuguzi aliuliza nini kimetokea. Shemeji akasema ameanguka akikata kuni. Muuguzi hakuridhika. Aliomba abaki na binti peke yao, na alipotoka akanifuata mimi kwenye benchi, akaniuliza tena taratibu, akaniambia naweza kumwambia ukweli na kwamba kuna utaratibu wa kumsaidia. Nikasema ameanguka. Mimi, mtu wa takwimu, nilimtazama mwanamke mwenzangu aliyekuwa ananiomba ukweli ili auandike, nikampa uongo. Kama kuna jambo ningefuta katika maisha yangu, ningeanza na hilo benchi.

Wiki ya pili wazee walikaa Nambis. Baba wa kijana alikuja na kondoo dume na wazee wake. Aliongea vizuri, juu ya udugu na mvua na watu wanaotegemeana. Mimi ndiye niliyemimina chai. Binti alikuwa jikoni, na kwa saa zote zile hakuna aliyemwita aje aseme neno. Walipomaliza waliomba, kondoo akachinjwa, nyama ikagawanywa. Nilipewa fungu langu. Nilimpa mbwa wa njiani, na hata hilo lilikuwa bure, maana lilishafungwa na mimi nilikuwapo likifungwa.

Mwisho wa Septemba fomu ikaja. Niliiweka mezani siku mbili. Siku ya tatu, Jumapili, nikaenda Nambis. Binti alikuwa uani anapepeta maharage. Nilimwambia nimeamua kuandika. Nikamweleza kwamba hakuna jina, ni namba tu. Wazee watasema nimefungua lililofungwa, na waseme, mimi ni mtu mzima. Nitaandika moja kwenye kile kisanduku, hata kama fomu inataka ya ndani ya uzio. Nilidhani namletea zawadi.

Aliweka ungo chini. Akaniuliza kama katika miaka yangu yote pale kumewahi kuwa na moja. Nikasema hapana.

"Basi mama mkubwa, hiyo moja ni jina langu," akasema. "Kungekuwa na wengi ningejificha humo. Sasa nijifiche wapi?"

Karatasi inabandikwa ubaoni. Chuo kizima kingesimama pale na kuuliza ni nani, na kwa vile alikuwa ameondoka ghafla, wasingeuliza mara mbili. Zile sifuri nilizozipanga miaka yote ndizo zilizomzibia mahali pa kujificha. Nilirudi kwa miguu mpaka barabarani, na kesho yake nikaandika sifuri, duara, katikati ya kisanduku.

Hakurudi chuoni. Mkuu wa chuo akaniomba nimfunge kwenye daftari la wanaoacha. Nikaandika tarehe, nikaandika jina, na kwenye safu ya sababu mkono ukaenda wenyewe: matatizo ya nyumbani. Wino haujakauka nikaanza kufunua kurasa nyuma. Matatizo ya nyumbani. Matatizo ya nyumbani. Wavulana walikuwa na sababu zao: karo, ugonjwa, kuhama, kazi migodini. Wasichana walikuwa na sababu moja, kwa mwandiko mmoja, wangu. Wengine niliwakumbuka nyuso, na mmoja nilikumbuka godoro lake, la maua mekundu. Jedwali la kweli la chuo chetu lilikuwa kwenye droo yangu miaka yote, na hakuna mzazi aliyewahi kulisoma, kwa sababu hilo hatulibandiki.

Niliomba ruhusa ya siku mbili nikashuka Hanang kumtafuta yule matroni. Njia nzima nilikuwa naandaa maneno ya kuomba radhi kwa kile kicheko na ile biskuti. Hakunipa nafasi. Aliniwekea maziwa ya mgando, akanisikiliza mpaka mwisho, hata pale nilipoanza kulia hakusema pole. Kisha akanieleza mambo ya kwao. Alisema kwao mwanamume akimkosea mwanamke, wanawake wa eneo zima wanaondoka majumbani, wanakwenda kukaa, wanahukumu wenyewe, na mwanamume anatozwa ng'ombe. Kila anayepita anawaona wamekaa na anajua wamekaa kwa ajili ya nani.

"Aibu inabaki kwa mwanamume," akasema. "Sasa mimi nikija kufanya kazi chuoni, nianze kuificha kwa ajili yake?"

Akanionyesha daftari lake. Lilikuwa kubwa, limevimba kwa unyevu. Kila kitu kimo: msichana aliyepigiwa mluzi, aliyeshikwa mkono dukani, aliyefuatwa, na mambo mazito pia, ya ndani ya uzio na ya nje. Alikuwa ameandika na njia. Ile ya bwawani. Ile ya mashine ya kusaga. Kwa kufuata hizo njia alijua mlinzi asimame wapi jioni na wasichana warudi makundi makundi kwa saa ngapi. Nilikaa na daftari lile mapajani nikaelewa kwamba binti wa mdogo wangu angejificha humo vizuri kabisa.

Nilitaka kumsifu, akanikatiza. Alisema nisije nikaondoka na uongo mwingine. Yeye anawajua waliokuja kwake tu. Wasiokuja yeye hawafahamu, wala hajui kama ni wachache au wengi kuliko walio kwenye daftari. Tena wazazi wanasoma karatasi yake na kugeuza gari. Wasichana wanapungua kila mwaka, na mkuu wake amemwonya mara mbili. Alipokuwa ananisindikiza alisema labda mwakani hatakuwapo. Alisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja kwamba mvua itachelewa.

Nilirudi nikamweleza mkuu wetu. Si mtu mbaya. Alinisikiliza, akavua miwani, akasema anajua. Kisha akaniuliza tukiandika sisi peke yetu, na wenzetu wote wakaendelea na sifuri, ni nani atakayeleta mtoto hapa. Nilitoka ofisini kwake bila kubishana. Ningependa kusimulia kwamba nilipiga meza. Hasira zangu watu wanazijua, mpishi ananikimbia, lakini siku ile zilikuwa wapi sijui. Robo ile nikajaza, na robo iliyofuata. Nilichofanya ni kununua daftari dogo, langu, nikawaambia wasichana wanaoniamini waje. Mpaka sasa wamekuja wanne. Linakaa nyumbani chini ya nguo.

Kwenda Nambis naendelea. Binti analima na mama yake. Akiniona anafuta mikono, ananipa shikamoo, ananiletea kiti, halafu anapata kazi ya kufanya nyuma ya nyumba. Mdogo wangu hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenilaumu. Kitunguu swaumu bado ananiletea, mafungu mawili, na mimi nakipokea.

Mwezi uliopita wapya walikuwa wanaripoti. Asubuhi kulikuwa na ukungu. Baba mmoja alifika na binti yake kwenye gari dogo la mizigo, godoro jipya likiwa bado kwenye nailoni. Kabla ya kushusha chochote akaenda ubaoni. Nilimwona kwa dirisha langu, kidole kimeshika kisanduku cha kwanza, kinashuka. Miaka tisa sikuwahi kutoka nje kumfuata mzazi nisiyemjua. Siku hiyo nikatoka.

Tulisalimiana. Nikamwambia asiamini karatasi ile. Nilisema haraka, nikiogopa mkuu asitokee: kwamba sifuri si salama, sifuri ni watu wasiosema, ampeleke mtoto kule chini Hanang ambako karatasi imejaa, maana kule akipata shida kuna atakayemsikiliza. Nikamwambia nina mtoto wa mdogo wangu ambaye. Nikaishia hapo.

Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyechoka na kazi. Alisema huko Hanang wametoka jana, wamekwenda wenyewe kutazama, na mama yake mtoto alipoiona ile karatasi hakulala. Alikuwa mtu mwenye adabu. Hakutaka kunivunjia heshima mbele ya binti yake. Akageuka tena ubaoni, akaweka kidole chini kabisa ya jedwali.

"Mama, samahani. Hii sahihi ni ya nani?"

Nikamwambia ni yangu.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kulegeza kamba za godoro. Binti yake akanisogelea, akapiga goti kidogo, akasema shikamoo. Nikaitikia marahaba, nikaingia ndani kutazama kama hosteli bado ina nafasi. Haikuwa nayo; yalibaki mageto ya ng'ambo ya shamba la mbaazi.